Dakika Tano za Kipimo cha Mimba

Mume wangu ni fundi saa. Mimi ni fundi wa nguo. Tunafanya kazi katika chumba kimoja, chumba cha mbele cha nyumba yetu. Meza yake iko dirishani, kwenye mwanga. Cherehani yangu iko mlangoni, kwenye upepo. Katikati kuna kiti kimoja cha mteja. Wateja wake na wateja wangu wanakigombania.

Watu hawamwiti mume wangu kwa jina lake. Wanamwita Dakika Mbili. Mteja akija kuulizia saa yake, mume wangu huinua kichwa na kusema, "Nipe dakika mbili tu." Mteja anarudi baada ya wiki mbili. Anaambiwa tena ampe dakika mbili. Mume wangu si mwongo, jamani. Ni mtu wa matumaini.

Ukutani kwetu zimetundikwa saa kumi na saba. Hakuna hata moja iliyo yetu. Zote ni za watu, na zote ni mbovu. Moja inaonyesha saa mbili, nyingine saa kumi, nyingine imepoteza mshale. Mgeni akiingia anachanganyikiwa. Sisi tumezoea. Tukitaka kujua ni saa ngapi, tunaangalia simu.

Haya, sasa nikueleze shida yangu. Tulikuwa tumekaa kwenye ndoa miaka minne, na mtoto hatuna. Nilimtaka mtoto. Nasema wazi, sioni haya. Ndani ya sanduku langu la vitambaa, chini kabisa, nilificha kigauni kidogo cha manjano. Nilikishona mwaka wa kwanza wa ndoa. Hakuna aliyejua, hata mume wangu.

Mwaka mmoja kabla ya haya, siku zangu zilichelewa kidogo. Dakika Mbili akamwambia mama yake. Mama mkwe akijua jambo, basi mtaa mzima umejua. Baada ya siku tatu, siku zangu zikaja. Lo, nilikoma. Mwezi mzima watu walinipa pole mlangoni. Wengine walileta nguo nzima nzima, eti nizitengeneze, kumbe wanataka kutazama tumbo langu. Nililia sana mwezi ule. Nikaapa moyoni kwamba mara nyingine hakuna atakayeambiwa neno mpaka mimi mwenyewe niwe na hakika.

Basi, Jumatatu moja nikaamka mwili umechoka. Matiti yanauma. Harufu ya mafuta ya cherehani, ambayo nimeizoea miaka yote, ikanichafua roho. Siku zangu zilikuwa zije Jumamosi, siku tano mbele. Nilijiambia nisubiri. Nikasubiri mpaka Dakika Mbili alipotoka kwenda kununua betri. Kisha nikaenda duka la dawa, nikarudi na kipimo cha mimba.

Nilifungua boksi juu ya meza ya mume wangu. Ndani kulikuwa na kijiti kwenye kifuko chake, na karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nyingi. Karatasi ile sikuisoma. Maandishi madogo, na mimi nilikuwa na haraka. Nje ya boksi kulikuwa na picha, na kwa herufi kubwa kumeandikwa dakika tano. Nikaona hiyo inatosha.

Nikafanya kama picha inavyoonyesha. Nikakiweka kijiti juu ya kitambaa safi pembeni ya cherehani. Simu alikuwa nayo mume wangu, kwa hiyo nikatazama ukutani. Nikachagua saa kubwa ya mwalimu mkuu, kwa kuwa ilikuwa inalia tik, tik, tik. Haikuonyesha saa ya kweli, lakini hilo halikunisumbua. Mshale mrefu ulikuwa kwenye nne. Ukifika kwenye tano, dakika tano zimekwisha. Hesabu rahisi kabisa.

Nikashona kidogo ili nisikitazame kijiti. Nikainua macho. Mshale bado uko kwenye nne. Nikamaliza upindo wa sketi. Mshale uko kwenye nne. Nikajisemea kwamba ukiwa na wasiwasi muda hauendi. Nikachukua sketi ya pili, nikaikata, nikaiunga, nikaitia zipu. Tik, tik, tik. Mshale uko pale pale. Nikasema moyoni, kweli mimba ni mtihani, hata dakika tano tu zinaniua hivi.

Dakika Mbili akaingia na betri zake. Aliponiona uso tu, akajua. Tukaenda kukitazama kijiti pamoja. Kulikuwa na mstari mmoja mwekundu, umekolea vizuri. Pembeni yake kulikuwa na kitu kama kivuli cha mstari. Rangi yake kama majivu. Ukikodoa macho unakiona, ukipepesa kimepotea.

Mume wangu akavaa lenzi yake ya kazi, ile ya jicho moja anayotumia kutazama meno ya magurudumu ya saa. Akainama. Kisha akasema, "Upo."

"Una hakika?"

"Mke wangu, mimi naona nywele ndani ya saa ya mkono. Mstari upo. Mwembamba, lakini upo."

Tukashikana mikono. Machozi yalinitoka. Nikamwambia asimwambie mtu yeyote, hata mama yake, tena mama yake ndiyo kabisa. Akasema sawa, nipe dakika mbili. Akatoka nje na simu.

Kesho yake asubuhi mama mkwe alikuwa mlangoni, ana mabegi mawili na mto wake wa kulalia.

Nampenda mama mkwe wangu. Ni mtu wa huruma. Ila huruma yake ni kubwa mno kwa chumba chetu. Aliponikuta ninakanyaga cherehani, alishika kiuno. Akaniambia kuanzia leo nisikanyage kitu, hata sakafu nikanyage kwa adabu. Nikamweleza nina mashati kumi na mawili ya shule, yanatakiwa Ijumaa. Akasema atashona yeye. Nikamkumbusha kwamba hajui kushona. Akasema kuweka mifuko tu nani asiyejua. Basi akaweka. Alishona mifuko kumi na miwili pande zote nne, hata juu. Hakuna mtoto angeweza kutia hata kipande cha penseli. Nikaifumua kimya kimya alipokwenda kuoga.

Kumbe alikuwa amefanya jambo kubwa zaidi. Alikuwa amewaalika ndugu. Watu kumi na wanne, Jumapili, waje kunipongeza. Nilikumbuka mwaka uliopita, na zile pole za mlangoni. Nikafikiria je, kama si kweli? Nitaweka wapi uso wangu, mbele ya watu kumi na wanne waliokaa kwenye chumba cha kiti kimoja?

Jumatano mama mkwe akasema na yeye anataka kuona kwa macho yake. Nikanunua kipimo kingine. Ili nisikose mkojo wa kutosha, akaninywesha maji, jagi zima na nusu. Nilikuwa natembea huku maji yanacheza tumboni. Nikapima saa kumi alasiri. Safari hii yeye ndiye aliyeshika simu yake na kuhesabu dakika tano, kwa sauti, kama mwamuzi wa ngumi. Kikatoka mstari mmoja. Pembeni yake hakuna kitu, hata kivuli.

Nilikwenda nyuma ya rundo la mashati, nikakaa chini, nikalia. Dakika Mbili alikuja akakaa pembeni yangu. Hakusema kitu na mimi nilimshukuru kwa hilo, maana ni nadra.

Mama mkwe akakataa kushindwa. Alhamisi akachimba kwenye begi lake, akatoa kipimo alichokihifadhi tangu binti yake wa mwisho alipoolewa. Binti huyo ana watoto watatu sasa, wa kwanza anasoma. Boksi lilikuwa limefifia rangi. Nikapima. Hakikutoka mstari wowote. Hakikusema ndiyo, hakikusema hapana. Kilikaa tu kinatutazama.

Basi tukabaki hivyo. Kipimo kimoja kinasema ndiyo, kimoja kinasema hapana, kimoja kimenuna. Tukavipanga mezani juu ya kitambaa. Dakika Mbili akasema tupige kura.

Ijumaa asubuhi tulikuwa bado tunabishana, sauti juu, alipoingia mkunga.

Mkunga huyu anafanya kazi kwenye zahanati ya karibu. Alikuwa amefuata saa yake, ile ndogo wanayoibandika kifuani wakihesabu mapigo ya moyo. Alikuwa ameambiwa dakika mbili kwa wiki sita. Alipita moja kwa moja, akakaa kwenye kiti cha mteja, akasema leo haondoki bila saa yake. Kisha akaona vijiti vitatu mezani. Akatutazama mmoja mmoja.

"Vya nani?" akauliza.

Mama mkwe na mume wangu wakanielekezea kidole kwa pamoja. Nikaona bora niseme yote. Nikamweleza tangu Jumatatu.

Hakucheka. Alivuta kiti karibu na meza, akachukua kile kijiti cha kwanza. Akaniuliza siku zangu zilitakiwa kuja lini. Nikamwambia kesho, Jumamosi. Akauliza nilipima lini. Nikamwambia Jumatatu.

"Ulikiuliza kijiti kabla hakijajua," akasema. "Sikiliza, mwanangu. Mimba ikiingia, inahitaji siku kadhaa ijishikize kwenye mji wa mimba. Ikishajishikiza, ndipo mwili unaanza kutoa homoni ya mimba. Hiyo ndiyo kijiti kinaitafuta kwenye mkojo. Siku za mwanzo ni kidogo sana. Inaongezeka kila siku. Ukipima mapema, unaweza kuwa na mimba na kijiti kikakwambia huna."

"Lakini hiki kilisema ndiyo," akadakia Dakika Mbili. "Niliuona mstari kwa lenzi."

Mkunga akaniuliza nilisubiri muda gani kabla ya kusoma jibu. Nikamwambia dakika tano.

"Kwa saa ipi?"

Nikanyoosha kidole ukutani. Mkunga akaitazama saa ya mwalimu mkuu. Akaitazama simu yake. Akaitazama tena saa. Mshale mrefu ulikuwa kwenye nne. Ule mwembamba wa sekunde ulikuwa unatikisika, tik, tik, tik, mahali pale pale, hauendi mbele wala nyuma.

"Dakika Mbili," nikasema polepole, "ile saa inatembea?"

Mume wangu akajikuna shingo. Akasema betri imekwisha nguvu, mshale unatetemeka tu. Akasema alikuwa anakwenda kuishughulikia. Alitaka kuongeza jambo kuhusu dakika mbili, nikamkazia macho, akanyamaza.

Mkunga akaniuliza nilifanya nini wakati ninasubiri. Nikasema nilishona. Nilishona nini? Upindo wa sketi moja, na sketi nyingine nzima.

"Sketi moja nzima unashona kwa muda gani?"

"Na zipu?" nikauliza. Kisha nikajibu mwenyewe, sauti imeshuka. "Kama saa nzima. Na zaidi."

Hapo ndipo mkunga alipocheka. Alicheka mpaka akashika meza. Mama mkwe naye akacheka, kisha akakumbuka ndugu kumi na wanne, akaacha.

Mkunga akatueleza. Kijiti kina muda wake wa kusomwa. Vingi ni dakika tatu hadi tano, na baada ya dakika kumi jibu lake halina kazi. Mkojo ukikauka juu ya kijiti, unaweza kuacha alama kama mstari. Alama hiyo haina rangi, au ni ya kijivu kama majivu. Si mimba ile, ni mkojo uliokauka. Mstari wa kweli unatoka ndani ya muda, na una rangi kama ya mwenzake. Unaweza kuwa umepauka, lakini rangi ni ile ile. Ukiuona huo, hata kama umepauka, kuna uwezekano mkubwa una mimba. Rudia baada ya siku mbili tatu uone kama umekolea.

"Na lenzi?" akauliza Dakika Mbili, kwa unyonge.

"Lenzi ni ya saa, fundi. Jibu la kipimo linasomwa kwa macho uliyozaliwa nayo, kwenye mwanga mzuri. Kama linahitaji lenzi, halijawa jibu."

Akahamia kile cha pili. Aliposikia habari ya jagi na nusu la maji, alimgeukia mama mkwe.

"Mama, ulikuwa unapika uji wa watu wangapi kwa konzi moja ya unga?"

Mama mkwe akasema hajapika uji.

"Umepika. Homoni yenyewe ni kidogo, na wewe umeimwagia maji. Kijiti kitaona nini? Mkojo mzuri wa kupimia ni ule wa kwanza wa asubuhi, kabla hajanywa kitu. Umekaa usiku kucha, umekolea. Siku zikiwa zimechelewa sana, unaweza kupima wakati wowote. Lakini mapema hivi, asubuhi ndiyo salama."

Cha tatu alikishika kwa ncha za vidole. Akaomba boksi lake. Akanipa mimi nisome tarehe ya mwisho wa kutumika. Nikasoma kwa sauti. Kilikuwa kimeisha muda miaka sita iliyopita. Mama mkwe akasema wakati ule kilikuwa kipya. Mkunga akakubali, akasema hata sisi sote tulikuwa wapya zaidi wakati ule. Akatuonyesha pale panapotakiwa kutoka mstari wa kwanza. Mstari huo hauhusiani na mimba. Unatoka ili ujue kijiti kinafanya kazi. Usipotoka, kijiti kimeharibika. Kitupe, usikibembeleze.

Kisha akauliza karatasi ya maelezo iko wapi. Tukatazamana. Dakika Mbili akafungua droo yake taratibu. Alikuwa ameitumia kufungia skrubu zake ndogo. Akazimwaga, akainyoosha karatasi mezani. Ilikuwa na matundu na doa la mafuta. Mkunga akaisogeza mbele yangu, akasema nisome. Nilisoma mwenyewe, polepole, neno kwa neno, kidole chini ya mstari. Yote aliyotueleza yalikuwemo. Siku ya kupima ilikuwemo. Muda wa kusoma ulikuwemo. Hata jambo la maji lilikuwemo. Niliona aibu, kisha hasira, kisha nikajicheka.

"Sasa nifanye nini?" nikamuuliza.

"Unangoja. Siku zako zisipokuja kesho, umeanza kuchelewa. Kuanzia hapo kipimo kina maana. Ukingoja siku chache zaidi jibu linaaminika zaidi. Pima Jumatano asubuhi. Likiwa hapana na siku zako bado hazijaja, rudia baada ya wiki, au njoo zahanati."

Mama mkwe akauliza na wale ambao siku zao huja zinapotaka, wanahesabu vipi. Mkunga akasema hao wahesabu wiki tatu tangu walipokutana na mwanamume mara ya mwisho bila kinga. Mama mkwe akatazama dari. Akasema anaulizia mtu.

Mkunga akaongeza jambo moja, na hapo hakutania. Akasema nikipata maumivu makali ya tumbo chini, hasa upande mmoja, au damu isiyo ya kawaida, au kizunguzungu cha kuanguka, nisitafute kijiti. Niende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama vijiti kumi vimesema hapana.

Dakika Mbili akampa saa yake ya kifuani. Ilikuwa imepona. Mkunga akaiweka sikioni, akautazama mshale wake ukizunguka duara zima. Nilidhani ataibandika. Akaiweka mkononi mwangu.

"Kaa nayo mpaka Jumatano," akasema. "Nyumba hii ina saa kumi na saba na haina hata moja."

Alipoondoka, kulibaki jambo la Jumapili. Mama mkwe akasema waache tu waje, mstari wa kwanza huenda ulikuwa wa kweli. Mume wangu akatazama viatu vyake. Nilijua nikinyamaza, ndugu watakuja, na mimi nitakaa katikati yao nikitabasamu kwa ajili ya alama ya mkojo uliokauka. Basi nikasema.

"Mama, naomba uwapigie simu. Waambie hatujui bado. Mwaka jana nilipewa pole mwezi mzima kwa kitu ambacho hakikuwepo. Safari hii nataka nijue mimi kwanza. Kabla yako, kabla yao, kabla ya mtaa."

Mama mkwe alinitazama. Macho yake yalilowa. Akasema hakujua kama mwaka ule niliumia hivyo. Nikamwambia niliumia sana. Akanishika bega, kisha akachukua simu, akaanza na dada yake mkubwa. Tulimsikia anavyopaza sauti uani. Hapana, hajapata. Hapana, hajakosa. Hatujui. Ndiyo, dada, kutojua kunaruhusiwa, mkunga amesema. Alirudia maneno hayo mara kumi na nne. Mara ya mwisho aliyasema kama yeye ndiye mkunga.

Jumamosi ikafika. Siku zangu hazikuja. Jumapili nilikwenda chooni mara kumi na moja kuangalia. Mama mkwe alihesabu. Jumatatu na Jumanne Dakika Mbili, kwa wasiwasi, alitengeneza saa sita na kuzirudisha kwa wenyewe bila kuulizwa. Mteja mmoja aliogopa, akauliza kama tunahama.

Jumatano niliamka alfajiri. Sikunywa hata funda la maji. Nilikuwa na kipimo kipya. Niliangalia tarehe, bado ilikuwa mbali. Niliangalia kifuko, hakikuwa kimechanika. Nikasoma karatasi tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha nikapima, nikakiweka kijiti juu ya meza tambarare. Dakika Mbili alishika saa ya mkunga kwa mikono miwili. Mama mkwe alisimama mlangoni, kitenge mabegani, midomo inatembea bila sauti.

Dakika ya kwanza mstari mmoja ulitoka. Dakika ya tatu ukatoka wa pili, mwekundu kama mwenzake. Nilisubiri mpaka mume wangu aseme tano, maana karatasi ilisema tano.

"Tano," akasema. Mkono wake ukaenda kwenye lenzi.

Nikaushika. "Iache. Naona."

Mistari miwili. Niliona kwa macho yangu, na mara hii sikukodoa. Mume wangu akachukua simu mezani, mazoea hayana dawa. Akaitazama. Akanitazama mimi. Kisha akafungua droo, akaizika simu chini ya skrubu, akaifunga.

"Mpaka useme wewe," akaniambia.

Miaka minne ya ndoa, sijawahi kupewa zawadi kubwa kama hiyo. Mama mkwe akauliza kwa sauti ndogo kama na yeye amejumuishwa. Nikamwambia na wewe, mama, wewe hasa. Akakaa juu ya rundo la mashati, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alikaa hivyo karibu asubuhi nzima.

Siku ya pili nilikwenda zahanati na saa ya mkunga mfukoni. Wakanipima tena, wakasema ndiyo. Wakanipa vidonge vya kuongeza damu na vya kumsaidia mtoto akue vizuri tumboni. Wakanipa kadi na tarehe za kurudi. Nilirudi nyumbani, nikaingia chumba cha mbele. Wote wawili walikuwa wamesimama wananisubiri. Nikawatazama kwanza, makusudi, wateseke kidogo.

"Haya," nikasema. "Sasa semeni."

Mama mkwe akakimbilia mlangoni. Mume wangu akakimbilia droo, na mpaka leo tunaokota skrubu.

Binti yetu sasa ana miezi minane. Dakika Mbili amebandika karatasi kwenye kila saa ukutani, kwa mwandiko mkubwa. Zisizotembea zimeandikwa HAITEMBEI. Ya mwalimu mkuu ilitengenezwa, ikachukuliwa, na mahali pake ikaja nyingine. Wanawake wa mtaani wakija kushona, huniuliza habari za vipimo. Ninawaambia wangoje siku zao zichelewe, wapime asubuhi, wasome karatasi kabla haijaliwa na skrubu. Kisha ninawauliza kama wana saa inayotembea.

Kigauni cha manjano nilikitoa sandukuni alipozaliwa. Hakikumtosha. Fundi mzima, nilikishona bila kumwona atakayekivaa. Dakika Mbili alikishika muda mrefu, akaniuliza nilikishona lini. Nikamwambia. Alichukua msumari na nyundo.

Ukutani kwetu bado kuna saa kumi na saba, na zote ni za watu. Katikati yake kuna kigauni kimoja cha manjano. Hicho ni chetu.